Kazi ya Nusu ni Hasara Nzima

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Pwani

Wakulima wenzangu, leo nataka tufanye hesabu pamoja. Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kuandika barua, kupanga majalada na kupokea watu wanaokuja kumwona Bwana Shamba. Lakini kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu na nikafundisha miaka michache, na mazoea ya ubao na chaki hayajanitoka. Nikisikia lalamiko, mkono wangu hutafuta karatasi nipige hesabu.

Lalamiko linalofika mezani pangu mara nyingi kuliko yote ni la kunguru. Majuzi alikuja mama mmoja wa makamo, akaketi, akasema, "Mwanangu, asubuhi nilikuwa na vifaranga 12. Adhuhuri nimehesabu wanne. Hao kurabu wako serikalini hamwezi kuwamaliza?" Nilimjibu, "Mama, si wangu." Akacheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Kwa nini hatuwamalizi? Nimelifikiri swali hilo kwa siku nyingi, na hapa nataka kutoa maoni yangu mwenyewe, ambayo si maoni ya ofisi.

Maoni yangu ni haya: mnyama, mdudu au mmea mgeni akiingia mahali na kuleta uharibifu, hasa kisiwani, tuna njia tatu tu za kutumia fedha. Ya kwanza ni kumzuia asiingie. Ya pili ni kummaliza kabisa. Ya tatu ni kumpunguza kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka. Njia zote tatu ni za halali. Isiyo halali ni ya nne, nayo ndiyo tunayoipenda: kuanza kwa kishindo, kuua tisa katika kumi, kupiga makofi, kisha kwenda nyumbani.

VITA VIWILI KATIKA KISIWA KIMOJA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tuvuke maji mpaka Unguja. Kisiwa hicho kimepigana vita viwili na wasumbufu wawili, na mwisho wa vita hivyo haukufanana.

Vita vya kwanza vilikuwa na mbung'o, yule nzi anayewatia ng'ombe nagana. Huyu si mgeni, ni wa huku huku kwetu, lakini hesabu yake ni ile ile. Unguja kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Katika miaka ya 1980 wataalamu walianza kumpunguza kwa kupaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye sumu. Wakapungua sana. Hapo ndipo watu wengi wangalisema, "Inatosha." Lakini hawakusema hivyo. Kule Tanga walifuga mbung'o kwa mamilioni, wakawatia madume mionzi ili wasiweze kuzaa, kisha kuanzia mwaka 1994 ndege ndogo ikawamwaga madume hao juu ya kisiwa. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani mwake. Akipandwa na dume tasa, basi, kizazi chake kimekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Tangu hapo mfugaji wa Unguja ameweza kufuga ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora bila kumnunulia dawa ya nagana mwezi baada ya mwezi.

Vita vya pili vilikuwa na kunguru wa Bara Hindi, huyu ambaye sisi wa Mombasa twamwita kurabu. Hakuja kwa mbawa zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 na watawala waliodhani atawasafishia mji takataka. Haikupita miaka 30 akawa amekwisha kuhesabiwa kuwa adui. Katika miaka ya 1990 zilitolewa fedha kutoka nje, watu wakatumia mitego na sumu, na kunguru wakauawa kwa maelfu mengi. Mjini wakapungua sana, na ndege wadogo wakaanza kuonekana tena. Kisha fedha zikaisha. Kazi ikasimama. Kunguru waliobaki wakajenga viota, na leo mtu akishuka bandarini Unguja hataambiwa kwamba palikuwa na vita hapo.

Angalieni basi. Katika vita vya kwanza fedha zilikuwa nyingi, lakini zilitolewa mara moja na faida yake ingaliko mpaka leo. Katika vita vya pili fedha zilitumika, jasho lilitoka, na kilichobaki ni habari tu.

PANYA WA GHALA LETU

Nisije nikaonekana nawacheka wengine, nieleze na makosa yangu. Nilipokuwa mwalimu nilipewa kuangalia ghala la mahindi ya chakula cha wanafunzi. Panya walikuwa wengi. Tukanunua mitego, na wanafunzi wakaifanya kazi hiyo kwa bidii ya ajabu. Mwanzo tulinasa panya 15 kwa usiku mmoja. Mwisho wa muhula tulikuwa tukinasa mmoja kwa siku tatu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Sasa ya nini kununua chambo kwa ajili ya panya mmoja?" Tukaweka mitego kabatini. Muhula wa pili ulipokwisha, magunia yalikuwa yametobolewa kama zamani, na fedha za mitego zilikuwa zimekwenda bure.

Tupige hesabu ya ubaoni. Tuseme ghala lina panya 100, tukaua 90. Wamebaki 10. Tuseme tena kwamba wakiachwa huongezeka maradufu kila miezi minne. Baada ya miezi minne ni 20, minane 40, mwaka mmoja 80, na kabla ya mwaka na nusu wamepita 100. Kwa hiyo fedha zilizoua panya 90 hazikununua ghala safi. Zilikodisha nafuu ya mwaka mmoja na miezi michache. Kukodisha si vibaya, ilimradi mtu ajue kwamba amekodi, asidhani kwamba amenunua.

BEI YA MBUZI WA MWISHO

Wako watakaosema, "Karani, kama ni hivyo, si mmalize tu?" Ngojeni niwaonyeshe bei yake.

Katika bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Galápagos, vilivyo chini ya nchi ya Ecuador. Mabaharia wa zamani waliacha mbuzi huko ili wapate nyama wakipita. Mbuzi mnawajua ninyi kuliko mimi. Wakala majani mpaka mizizi, na kobe wakubwa wa huko wakakosa chakula na kivuli. Katika kisiwa kimoja kiitwacho Santiago iliamuliwa mbuzi wamalizwe. Mbuzi zaidi ya 79,000 waliondolewa kwa muda usiotimia miaka minne na nusu, kwa miguu, kwa mbwa, na kwa helikopta.

Sasa sikilizeni. Mbuzi 1,000 wa mwisho peke yao waligharimu dola za Marekani milioni 2. Gawanyeni wenyewe: dola 2,000 kwa mbuzi mmoja! Hakuna mbuzi wa bei hiyo katika mnada wowote ninaoujua. Sababu ni kwamba mbuzi wa mwisho ndiye mjanja, amekwisha kuona wenzake wakianguka, na hujificha majabalini. Ilibidi watumie mbuzi wa kusaliti: humtia mbuzi kidude cha redio shingoni, humwachia, naye kwa kuwa mbuzi hapendi upweke huwatafuta wenzake na kuwafichua. Na baada ya hapo zilitumika fedha nyingine nyingi, za kuzunguka kisiwa kutazama tu kama kweli wamekwisha.

Mtu asiyefikiri atasema huo ni wazimu. Mimi nasema ndizo fedha zilizotumika vizuri kuliko zote. Wangaliacha mbuzi 1,000 hao, wale wengine 78,000 wangalikuwa wameuawa bure. Mbuzi wa mwisho si ghali kwa sababu ya nyama yake. Ni ghali kwa sababu amebeba mgongoni thamani ya kazi yote iliyotangulia.

Nao pia wana somo la pili. Katika visiwa vya huko kulikuwa na watu waliogombana na wakubwa wa hifadhi kwa mambo ya uvuvi, nao wakarudisha mbuzi makusudi mahali palipokwisha kusafishwa. Ikabidi wasakwe tena. Kwa hiyo kukubaliana na wenyeji si jambo la adabu tu. Ni sehemu ya gharama, na ni nafuu kuilipa mapema barazani kuliko baadaye kwa helikopta.

HESABU YA SHILINGI

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kisiwa kidogo kinatumia shilingi 1,000,000 kila mwaka kupunguza panya wanaokula mazao. Kwa miaka 30 ni shilingi 30,000,000, na mwisho wa miaka hiyo panya wangaliko. Tuseme kuwamaliza kungegharimu shilingi 12,000,000 mara moja, kisha shilingi 200,000 kila mwaka kulinda gati wasiingie wengine. Kwa miaka 30 ulinzi ni 6,000,000, na jumla ni 18,000,000. Tumeokoa milioni 12.

Lakini mwalimu mwaminifu haonyeshi upande mmoja wa hesabu. Kila mwaka tunaokoa shilingi 800,000 tu, kwa hiyo zile milioni 12 zitarudi baada ya miaka 15. Na shilingi ya leo si sawa na shilingi ya miaka 15 ijayo. Leo ingeweza kununua madawati au kuchimba kisima. Mtu mwenye njaa hapandi mnazi, hupanda mchicha. Ndiyo maana viongozi wengi, hata walio wema, huchagua kazi ya nusu. Kazi ya nusu huonekana haraka na bei yake huingia katika bajeti ya mwaka mmoja. Hawana hila, wamefungwa na kalenda.

Na hapo ndipo kisiwa kinapopata bahati ambayo bara halina. Bahari ni ua lisilohitaji seng'enge. Kule Unguja mbung'o wa bara hawawezi kuruka kilomita 30 na zaidi za maji. Ungemaliza mbung'o katika tarafa moja ya bara, wa tarafa ya pili wangeingia kesho. Kwa hiyo kumaliza bara mara nyingi ni ndoto, lakini kisiwani yaweza kuwa biashara nzuri.

MASWALI MATATU

Wataalamu wa kazi hii huuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha. La kwanza: je, tunaweza kumfikia kila mmoja wao, hata aliye pangoni na kichakani? La pili: je, tunaweza kuwaua upesi kuliko wanavyozaana? La tatu: je, tunaweza kuzuia wengine wasiingie? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, maliza. Likiwa hapana hata mara moja, usijidanganye. Pangia fedha za kila mwaka.

Kisiwa kimoja cha kusini ya mbali katika bahari ya Atlantiki, South Georgia, kilijibu ndiyo mara tatu. Panya waliletwa huko na meli za wawindaji wa sili na nyangumi, wakala mayai na makinda ya ndege wa baharini. Kisiwa ni kirefu, zaidi ya kilomita 160, lakini barafu imekikata vipande ambavyo panya hawawezi kuvuka. Basi wakasafisha kipande kwa kipande, mwaka 2011, 2013 na 2015, kwa chambo cha sumu kilichomwagwa na helikopta. Gharama ilikuwa karibu pauni milioni 10. Kisha wakangoja, wakatafuta kwa mbwa, na mwaka 2018 ndipo wakatangaza kwamba panya wamekwisha. Na hata sasa meli ziendazo huko hukaguliwa, na mbwa hunusa kama kuna panya ndani. Hawakusahau kwamba panya mmoja jike mwenye mimba aweza kula pauni milioni 10 peke yake.

Sasa turudi kwa kurabu wetu. Mombasa ni kisiwa kwa jina, lakini kwa kunguru si kisiwa. Alifika hapa katika miaka ya 1940, naye hahitaji daraja la Nyali wala feri ya Likoni. Ukimuua Mombasa, wa Kwale atakuja. Ukimuua Malindi, wa Kilifi atakuja. Jibu la swali la tatu ni hapana. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuondoa kunguru milioni 1 kabla ya mwaka huo kwisha. Hesabu kubwa kama hiyo hupendeza katika magazeti. Lakini swali langu mimi karani si kunguru wangapi wamekufa. Ni kama fedha za mwaka unaofuata, na wa tano, na wa kumi, zimekwisha kuandikwa. Maana tungewahi kupunguza kunguru, na Malindi na Watamu walipunguzwa kweli mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu sumu ikakosekana, nao wakarudi.

Tena tunawaua kwa mkono mmoja na kuwalisha kwa mkono wa pili. Kunguru huyu hakai porini. Hukaa penye watu, maana hula takataka zetu, matumbo ya kuku na ya samaki tunayotupa nyuma ya soko. Jalala lililo wazi ni shamba la kunguru. Shilingi ya kufukia taka huua kunguru wengi bila sumu, kwa sababu asiyekula hazai.

NINACHOSHAURI

Basi nashauri mambo manne, na wakubwa wangu wanisamehe nikikosea.

Kwanza, mradi wowote wa kupigana na msumbufu mgeni useme wazi siku ya kwanza: huu ni wa kumaliza au wa kupunguza? Usiseme "kudhibiti" tu, neno ambalo kila mtu hulijaza apendavyo.

Pili, kama ni wa kumaliza, fedha za mwisho ziwekwe kando kabla ya kuua wa kwanza. Fedha za mbuzi 1,000 wa mwisho zisiguswe, hata kama mwaka ni mgumu. Zisipopatikana, heri tusianze. Tupeleke fedha hizo kwenye madawati.

Tatu, visiwa ambavyo havijaingiliwa, au vimeingiliwa na wachache, vitangulizwe. Lamu, Pate, Wasini, na vile vya Ziwa Victoria, kila kimoja kina gati ambapo majahazi, mashua na magunia hupita. Mtu mmoja mwenye macho makali gatini ni bei rahisi kuliko jeshi zima baada ya miaka 20. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga kila mwaka.

Nne, wenyeji waitwe barazani mapema, waulizwe, wasikilizwe. Mvuvi na mfugaji wakikataa, hakuna sumu itakayofaa.

Nanyi wakulima wenzangu, msingoje serikali kwa kila jambo. Vifaranga wafungiwe kwenye tenga lenye wavu mpaka wapate manyoya. Matumbo ya samaki yafukiwe. Na yeyote anayekaa kisiwani akiona kunguru wa kwanza, au mmea asioujua unaotambaa upesi shambani, asiseme, "Ni mmoja tu." Amwambie Bwana Shamba siku hiyo hiyo. Mmoja wa kwanza na mmoja wa mwisho ndio wenye thamani kubwa katika hesabu hii. Hao wengi wa katikati ndio tunaowaona, na ndio wanaotudanganya.

Yule mama nilimweleza yote haya kwa ufupi, nikamchorea tenga juu ya karatasi. Akaikunja, akaitia katika kanga yake, akasema, "Kwa hiyo hamtawamaliza." Nikasema, "La, mama. Kunguru hatutawamaliza kwa mwaka mmoja, na atakayekuahidi hivyo usimwamini. Lakini tunaweza kuwapunguza kila mwaka tusipochoka." Akanitazama kidogo. "Na mtachoka?" akauliza.

Swali hilo silo langu kulijibu. Ni la wale wanaoandika bajeti, na la sisi sote tunaotupa taka.